Katoni ya Loresho

Wiki iliyopita nilikuwa ndiyo kwanza nimeegesha gari katika kimtaa kimoja cha nyuma ya River Road, mzee anayetulindia magari pale aliponigongea kioo kwa kidole kimoja. Tunamwita Baba Brayo. Huvaa koti la manjano la kung'aa hata jua likiwa kali, na si mtu wa kugonga vioo vya watu bila sababu. Niliteremsha kioo. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia kwamba zipu yako iko wazi, "Madam, gari yako inakojoa."

Nilimjibu hata kabla sijafikiri. "Hayo ni maji ya AC."

Gari langu halina AC. Ilikufa kabla sijalinunua, na nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu watatu. Baba Brayo huniona kila asubuhi nikifika pale vioo vyote vinne vikiwa wazi na mimi natiririka jasho. Aliangalia vioo, akaniangalia mimi, akasema sawa madam, akaenda zake. Nilishuka nikiwa na haraka ya mtu aliyedanganya, lakini kulikuwa kumenyunya manyunyu, na lami ilikuwa imeanza kutoa ile harufu ya oili moto iliyokutana na maji. Pua haidanganyiki kirahisi hivyo. Niliifikisha kazini harufu ile, nikakaa nayo mchana kutwa. Sisi huchapa kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, na siku hiyo nilisoma jina la marehemu mmoja mara nne bila kuliona.

Wa rika langu mliokulia mitaa ya Satellite na Riruta mnaijua harufu hiyo. Kila ploti ilikuwa na gari moja zee, na kila gari zee lilikuwa na doa lake chini. La kwetu lilikuwa pikapu ya baba, ya rangi ya maziwa iliyochoka, ambayo alibebea vifaa vya ujenzi kutoka maduka ya River Road kupelekea watu waliokuwa wakijenga pande zetu, magharibi mwa jiji: misumari, mabati, mabomba, mikebe ya rangi. Ilivuja tangu nianze kuwa na akili. Mama alipolalamika, baba alimwambia kwamba inatoa jasho tu, kwani mtu akifanya kazi si hutoa jasho? Mimi niliamini. Niliionea huruma, na siku za joto niliipapasa mlango nikaipa pole.

Kuziba mahali penye kuvuja kungeilaza pikapu kwa fundi siku mbili, na baba hakuwa na siku mbili. Chai aliinywa akiwa amesimama. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akaongeza kidogo, akaondoka. Na oili ile chafu iliyotolewa injini ilipobadilishiwa haikutupwa. Baba aliipaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa, na iliyobaki aliimwaga uani kutuliza vumbi. Ndivyo walivyofanya majirani wote. Uani kwetu kulikuwa kweusi na kugumu, kunateleza kidogo, na mama alijivunia kwamba watoto wake hawakuingia nyumbani na vumbi. Tulijiona watu wasafi.

Ploti yenyewe ilikuwa ya babu. Baba alikuwa amejenga vyumba sita vya mabati upande mmoja, vya kupangisha, na pikapu ililala mbele ya nyumba yetu, juu kabisa mwa mteremko. Chini kabisa, kando ya ua wa michongoma, kulikuwa na kipande cha shamba cha Mama Nekesa, mpangaji wa chumba cha nne.

Mama Nekesa alikuwa ametoka mkoa wa Magharibi akamwacha bintiye Nekesa kwa nyanya yake, asome huko. Alimwomba baba kipande kile kwa sababu kilikuwa hakina kazi, akapanda mboga za kienyeji, mrenda, managu na kunde, na jioni alikaa kando ya barabara na beseni lake akiuza. Mboga hizo ndizo zilizomsomesha Nekesa. Mimi nilikuwa na miaka minane au tisa, na nadhani nilikalia nafasi ya Nekesa kidogo. Aliniruhusu kuchuma majani ya juu. Alinisifu kwamba nina mkono mwepesi wa mbegu, sifa ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa, maana nyumbani nilijulikana kwa kuvunja vikombe. Nilimpenda kwa namna ambayo ingemuudhi mama kama angeijua.

Mwaka huo kiangazi kilikawia kwisha. Mrenda ulisimama bila kukua, na Mama Nekesa alikuwa akitembea kati ya mistari yake kila jioni mikono nyuma. Kisha ikaja mvua ya kwanza, ndogo, ya dakika chache. Asubuhi yake nilitoka nje nikakuta chini ya pikapu kidimbwi cha maji, na ndani ya maji kuna upinde wa mvua.

Mmeshauona. Zambarau, kijani, dhahabu, unajikunja ukiguswa na kijiti. Sasa eleweni nilikuwa nimetoka kufundishwa nini. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametueleza kwamba upinde wa mvua ni ahadi ya Mungu kwa Nuhu, na kwamba popote unapoonekana Mungu anakumbuka. Cucu, mama yake baba, alikuwa na habari tofauti: kwake upinde wa mvua ulikuwa mnyama anayeishi majini, anayetoka kumeza ng'ombe za watu. Niliwapima wote wawili nikaenda na mwalimu, kwa sababu mwalimu alikuwa na picha. Na ahadi hiyo ilikuwa imeshuka kwetu, chini ya pikapu ya baba yangu. Nilizunguka ploti za jirani nikachungulia. Kwenye ua usio na gari, maji yalikuwa maji tu.

Basi nilichukua kikombe changu cha plastiki cha kupigia mswaki, cha samawati, nikachota. Niliteremka nacho kwa uangalifu hadi kwa Mama Nekesa, nikanyunyizia mstari wa kwanza wa mrenda. Sikumwambia mtu. Nilitaka mboga zikue, aje ashangae, ndipo nimwambie ni nani aliyemletea. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi kabla ya shule, kila mvua iliponyesha, mstari hadi mstari, huku nikisali kimoyomoyo.

Mvua zilipokolea, mboga zilianza kufa.

Majani yaligeuka manjano kuanzia pembeni. Shina la mrenda likawa jeusi karibu na ardhi, ukilivuta linatoka bila kukataa. Wanunuzi walirudisha managu wakisema zinanuka kama gereji, na habari hizo barabarani husafiri haraka. Mimi nilijua vizuri kilichotokea: Cucu ndiye aliyesema kweli. Nilikuwa nimemchota mnyama kwa kikombe changu mwenyewe, nikampeleka shambani mwa mtu niliyempenda, na sasa alikuwa anakula. Niliacha kula vizuri. Darasani niliruka kila mlango ulipofunguliwa. Usingizi wenyewe ulikuwa wa kurusharusha miguu hadi dada yangu akahama kitanda.

Jumamosi moja asubuhi Mama Nekesa alipanda mteremko akiwa na konzi ya mrenda mkononi. Baba alikuwa ameinama kwenye injini akipima oili. Mama Nekesa alimsalimu kwa heshima zote, akamuulizia afya, akamuulizia mama, ndipo akanyoosha mkono, akimwita kwa jina langu.

"Baba Ciru, hebu nusa hii mboga."

Baba hakunusa. Alipangusa kijiti, akasema mvua ya kwanza huteremka na uchafu wote wa barabara, kila mtu Satellite analia na shamba lake. Mama Nekesa akasema barabara iko upande ule mwingine. Baba akasema maji hayana adabu, hupita popote. Alikuwa akitabasamu, lakini alikuwa akipangusa kijiti ambacho kilikuwa kimeshakauka.

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimefikia mahali ambapo mtoto hawezi tena kubeba. Nilitoka nje nikasema, "Ni mimi."

Nikawaeleza yote: upinde, Nuhu, kikombe, mistari, mnyama wa Cucu. Nililia, nikaingia ndani kukileta kikombe, nikakiweka mkononi mwa Mama Nekesa kama ushahidi. Alikishika. Kilikuwa kidogo hata kwa mkono wake. Alikitazama, akageuka akatazama shamba lake lote kuanzia upande hadi upande, akatazama ardhi yetu nyeusi iliyoteremka hadi kule, kisha akamtazama baba.

"Kikombe hiki, Baba Ciru?"

Ilikuwa nafasi ya baba kukiri. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi, na kila mara kuna nafasi ya kutosha, mtu angeweza kunywa chai humo. Baba alifunga boneti.

"Watoto ni watoto, Mama Nekesa," akasema. "Nitaongea na yeye."

Mama Nekesa alinirudishia kikombe changu, akateremka.

Baba hakuongea na mimi. Hilo ndilo lililonivuruga kuliko yote. Kwetu kikombe kikivunjika kilikuwa na kiboko chake, na sahani ilikuwa na viwili. Mimi nilikuwa nimeua shamba zima, na hakuna aliyenigusa. Nilingoja siku hiyo, nikangoja Jumapili baada ya kanisa, nikangoja wiki. Baba akipita nyuma yangu nilikaza mabega. Aliniletea mandazi kutoka mjini, mimi peke yangu, yakiwa bado na joto, na sikujua niyafanye nini. Niliyala nikidhani ni ya mwisho kabla ya adhabu.

Jumamosi nyingine akanichukua twende kazini, jambo lililokuwa la kawaida. Tulipakia River Road, watu wakitupita na mizigo kichwani na mabegani, kisha tukaelekea Loresho kwa mteja aliyekuwa akiongeza ghorofa. Loresho ilikuwa dunia nyingine: barabara zenye vivuli, mageti yanayofunguka bila kelele, na uani kwa mteja huyo kulikuwa kumetandikwa vitofali vya kabro vya rangi mbili, vimefagiliwa hadi unaona haya kukanyaga.

Baba alisimamisha pikapu akafanya alichokuwa akifanya siku zote tukifika nyumba za namna hiyo. Alivuta katoni iliyokunjuliwa kutoka nyuma ya kiti, akainama, akaisukuma chini ya injini. Nilikuwa nimeiona katoni hiyo zaidi ya mara mia. Kwa akili yangu ilikuwa ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni kwa watu. Pikapu ilitandikiwa mkeka, basi. Lakini siku hiyo nilikuwa sina utulivu, sikuweza kukaa ndani ya gari, nikashuka nikachuchumaa nikachungulia. Tone likashuka. Likakaa kidogo, lingine likalifuata. Yalikuwa meusi, na yalinuka kama konzi ya mrenda.

Baba alikuwa akishusha mabomba. Nilimuuliza, "Baba, kwa nini nyumbani hatuwekangi hii?"

Alitua bomba alilokuwa amelishika. "Hapa ni kwa watu," akasema. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, "Nyumbani ni kwetu."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa mdogo lakini si mdogo hivyo. Katoni ile ilikuwa na matabaka ya madoa, ya zamani chini ya mapya, ya nyumba nyingi. Mtu aliyeitengea nafasi yake nyuma ya kiti, akaikumbuka kila geti, alijua kabisa gari lake linafanya nini. Na Mama Nekesa pia alikuwa watu.

Tuliporudi nilisubiri baba aingie kula. Niliitoa katoni nyuma ya kiti, nikaikumbatia kwa sababu ilikuwa kubwa kunishinda, nikakimbia nayo kuteremka. Mama Nekesa alikuwa shambani aking'oa mashina na kuyarundika. Nikaiweka miguuni pake. Nilimwambia kwamba baba huiweka kwa watu wa Loresho ili wasichafuke, na kwamba mimi nilikuwa na kikombe tu.

Hakushangaa. Aliinama akaigusa katoni kwa ncha ya kidole, akanusa kidole.

"Najua, Ciru. Nilijua siku ile ulileta kikombe."

"Mbona hukusema?"

Alinyanyua macho hadi kwenye vyumba vya mabati, kile cha nne chenye pazia lake la maua. "Ningesema nikilala wapi?"

Kisha aliona gauni langu. Nilikuwa nimejipaka oili kifuani kote. Alinivuta hadi kwenye bomba, akanivua, akanifunga leso yake, akaanza kusugua. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akasugua hadi vidole vikawa vyekundu, ili nisirudi nyumbani nikachapwa kwa ajili ya doa la baba yangu. Halikutoka lote. Katoni aliniambia niirudishe nilipoitoa, na niliirudisha.

Mwisho wa mwezi alihamia upande wa Kawangware na beseni lake. Chumba kilipata mtu wiki hiyohiyo, na baba akaona bora pikapu ilale kule chini, mahali palipokuwa shamba, kwa sababu palikuwa tambarare. Nekesa sikuwahi kumwona hata mara moja. Sijui alisoma hadi wapi.

Baba sasa ni mzee. Pikapu iliuzwa ikiwa vipande. Jumapili nikienda kumsalimia hukaa naye nje, na hakosi kunionyesha kule chini ambako amepanda nyasi mara ya tatu na zimekataa. Husema hajui udongo ule una nini. Hulisema kwa moyo mweupe kabisa, na weupe huo ndio unaoniudhi. Mimi hunywa chai yangu.

Lakini siku ile ya Baba Brayo hasira yangu haikuwa na pa kwenda, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Kwenye buti ya gari langu kuna katoni. Nimekuwa nayo tangu mwaka jana. Nikipelekea mteja kadi zake kwenye nyumba zenye kabro, huinama nikaisukuma chini ya injini kabla sijabonyeza kengele. River Road sijawahi kuitoa. Haikunijia hata akilini kwamba ni mahali pa mtu.

Jioni nilipolifuata gari, nilimkuta Baba Brayo amepiga magoti kwenye lami, ana ndoo na brashi, anasugua. Kando yake alikuwa amesimama mwenye duka la rangi lililo mbele ya nafasi yangu, mwanamke wa sauti kubwa. Alikuwa akimwambia kwamba amechoka naye, kwamba anaosha injini za watu mlangoni pake na wateja wanaingia na oili kwenye viatu, na kwamba kesho ataongea na wenzake wamtafute mlinzi mwingine. Baba Brayo aliniona. Aliniona vizuri, nikiwa nimeshika ufunguo. Akarudisha macho kwenye brashi yake.

Nilisimama pale, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa baba, jambo ambalo sikulitaka. Ni rahisi mno. Hakuna uwongo wa kutunga. Unanyamaza tu, unaingia garini, na mtu mwingine anaendelea kusugua.

"Ni mimi," nikasema.

Mwanamke wa duka aligeuka. Nikamwambia gari hilo ni langu, linavuja tangu zamani, na huyu mzee aliniambia asubuhi nikamdanganya. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto wa miaka minane. Yalikuwa maneno yaleyale ya siku ile mlangoni, ila safari hii yalikuwa ya kweli.

Baba Brayo alikaa juu ya visigino vyake. "Si ulisema ni AC?"

Akanisukumia brashi.

Doa halikutoka lote. Kesho yake gari lilienda kwa fundi, likalala siku mbili, na nikatembea. Jumapili nitakuwa Satellite. Baba ataniletea chai, atanyoosha kidole kule chini aseme hajui udongo ule una nini, na mimi nitaweka kikombe chini nimwambie.